Wanaopumzika kwa Niaba ya Umma

Jamhuri Tukufu ya Semewani haimo kwenye ramani. Serikali yake ililichunguza jambo hilo kwa kina, ikathibitisha kwamba kweli haimo, na wananchi wakapewa siku ya mapumziko kushangilia. Kwa hiyo msomaji akihisi kwamba nchi hii anaifahamu, tena pengine aliipita jana akienda dukani, ajilaumu mwenyewe kwa kuwa na macho.

Semewani ni nchi ya haki. Inachukia upendeleo kuliko inavyochukia kipindupindu. Wataalamu wake, baada ya kufikiri sana, waligundua kwamba hakuna anayempendelea mtu kama mtu anavyojipendelea mwenyewe. Mwenye njaa ukimuuliza habari za chakula, atakwambia chakula ni kidogo. Mgonjwa ukimuuliza habari za hospitali, atalalamika tu. Hawa wana maslahi binafsi. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kuzuia Upendeleo, inayomkataza mtu yeyote kutaja shida yake mwenyewe mbele ya mamlaka. Kila shida ikapewa Msemeaji wake, mtu mwadilifu, mwenye gari na dereva, na sharti la kwanza la kazi hiyo likawa kwamba asiwe na shida anayoisemea, wala asiwe amewahi kuwa nayo, wala asiwe na ndugu aliye nayo. Msemeaji wa Wenye Njaa alikuwa akipita mlangoni kwa ubavu. Msemeaji wa Wapangaji alikuwa akimiliki mtaa mzima. Hata methali zilikaguliwa. Ile ya adhabu ya kaburi aijuaye maiti ilifutwa shuleni, kwa kuwa maiti ana maslahi binafsi katika suala la kaburi.

Katika nchi hiyo, kwenye mji mmoja usio mkubwa, aliishi Bi Sikitu, mshona mapazia, pamoja na mumewe Mzee Kondo. Mzee Kondo alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa. Kila Jumamosi jioni, kwa miaka mingi, aliwapigia watu muziki katika Bustani ya Mabata, penye bwawa na kibanda cha bendi, na ndipo alipompata Bi Sikitu enzi za ujana wao, kwa kumkodolea macho mpaka akakosea wimbo. Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua upande wake wa kulia, na sauti kikaichukua yote. Mtu aliyekuwa akisikika mpaka sokoni akawa hawezi kuomba maji.

Daktari wao, ambaye kwa bahati hakuwa mtu wa serikali, alimwambia Bi Sikitu, "Mama, dawa nimeshakupa. Iliyobaki ni raha. Mpeleke mahali anapopapenda. Sauti ikirudi, itarudi kwa njia hiyo."

Basi kila alasiri Bi Sikitu alimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka Bustani ya Mabata. Langoni palikuwa na ngazi tatu. Kwa mtu mwenye miguu ngazi tatu si kitu, ila kwa kiti cha magurudumu ni mlima. Vijana waosha magari waliokuwa hapo nje walikuwa wakiacha ndoo zao na kukikamata kiti, huyu huku na yule kule, "Haya, Mzee Kondo, tunaruka!" na kufumba na kufumbua yuko ndani. Akifika bwawani, mabata wakianza kelele zao, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kucheza juu ya kiti, vikibonyeza tarumbeta isiyokuwepo. Siku moja koo lake likatoa mngurumo mdogo. Bi Sikitu alilia papo hapo, mbele ya mabata na watu.

Wiki iliyofuata wakaja askari wa manispaa kusafisha mji. Walichosafisha ni waosha magari. Bi Sikitu alipofika langoni alikuta ndoo zimepinduliwa na hakuna mtu wa kumrusha mumewe. Akabaki amesimama mbele ya zile ngazi tatu. Ndani mabata walikuwa wakipiga kelele, Mzee Kondo akiwasikia, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kucheza. Hakuna kilichomuuma mkewe siku ile kama vile vidole.

Akamwendea mlinzi wa lango. "Mwanangu, hapa pakimwagwa zege kidogo tu, pakawa na mteremko, si nitamsukuma mwenyewe? Zege la karai moja."

Mlinzi akaangaza kushoto na kulia. "Mama! Umesema mwenyewe?"

"Nimesema nini?"

"Shida yako. Umeitaja kwa mdomo wako." Akashusha sauti. "Mimi sijasikia. Nenda kwa Msemeaji wa Wasiotembea. Na ukifika usimwambie unataka mteremko. Mwambie umesikia kuna watu."

Bi Mwanakombo, muuza karanga wa hapo langoni, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu tangu alipozaliwa, akatema ganda chini. "Umesikia kuna watu! Na huyu kwenye kiti ni nani, gunia la mkaa?"

*

Ofisi ya Msemeaji wa Wasiotembea ilikuwa ghorofa ya nne, na jengo halikuwa na lifti. Hakuna aliyewahi kupanda kuja kulalamika juu ya hilo, na ofisi ilijivunia sana ukimya huo. Bi Sikitu alimwacha mumewe chini na Bi Mwanakombo, akajikokota juu.

Msemeaji mwenyewe aliitwa Bwana Gaudensi. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miguu mirefu, na miguu hiyo ndiyo iliyompa kazi. Ujanani alilikimbilia taifa mbio ndefu, nishani zake zimejaa ukuta mzima, na wakati wa mazungumzo hakukaa. Alikuwa akirukaruka mahali pamoja, kupasha misuli.

"Karibu mama. Umekuja kwa shida ya nani?"

"Nimesikia kuna watu," alisema Bi Sikitu, "wenye viti vya magurudumu, pale Bustani ya Mabata. Ngazi zinawashinda. Nimesikia mteremko mdogo ungewatosha."

Bwana Gaudensi aliacha kuruka. Alionekana kuhuzunika kabisa. "Mama, mimi wasiotembea nimewasemea miaka mingi. Ninawajua. Mtu asiyetembea hahitaji mteremko. Anahitaji moyo wa ushindi."

"Na akiwa na moyo, na ngazi bado zipo?"

"Atazipanda." Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Kisha akatazama dari, na uso wake ukang'aa. "Ila umenipa wazo, mama. Mteremko mmoja ni kitu kidogo, na serikali yetu haifanyi vitu vidogo, vinaiaibisha. Kwa nini tusiiboreshe bustani yote, kwa kuzingatia mahitaji ya kila aina ya mtu anayekwenda pale? Mheshimiwa Waziri atalipenda hilo. Lina upana."

"Na mteremko?"

"Utakuwemo humo humo kwenye upana."

Bi Sikitu akateremka zile ghorofa akijiona mtu aliyeomba kiberiti akaahidiwa moto wa msitu.

*

Waziri alilipenda. Mheshimiwa Lumbesa, Waziri wa Mapumziko na Raha Halali, alikuwa mtu wa mwili wa haja na maneno ya ziada. Hotuba zake zilipimwa kwa milo: kulikuwa na hotuba ya chai, na kulikuwa na hotuba ya chai mpaka chakula cha mchana. Aliitisha kongamano hotelini, na asubuhi hiyo hiyo Bustani ya Mabata ikafungwa kwa mnyororo, ili mahitaji ya watu yazingatiwe bila kusumbuliwa na watu.

Wananchi waliruhusiwa kuhudhuria kwa sharti la kupiga makofi. Bi Sikitu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni.

Alianza Msemeaji wa Watoto, mzee mwenye ndevu nyeupe, asiye na mtoto wala mjukuu. "Watoto wa taifa hili," alisema, "wanachohitaji ni usalama. Nashauri bembea zijengwe juu sana, mahali asipoweza kufika mtoto. Bembea isiyofikika haijawahi kumwangusha mtoto yeyote duniani." Makofi yakapigwa, na katibu akaandika.

Akafuata Msemeaji wa Wazee, kijana aliyekuwa ameanza kunyoa ndevu mwaka ule, mpwa wa Waziri. Alisema kwamba amewatazama wazee kwa mbali na kugundua kuwa wanakaa mno. Mabenchi ndiyo yanayowazeesha. Mabenchi yakafutwa. Msemeaji wa Wapendanao, mama aliyekuwa ameapa mbele ya mashahidi kutompenda mtu maisha yake yote, aliomba zifungwe taa kali kama za uwanja wa mpira. Msemeaji wa Wenye Kubanwa alithibitisha kwa kiapo kuwa hajawahi kubanwa nje ya nyumba yake, kisha akapendekeza choo cha marumaru, chenye saa ya ukutani na picha ya Waziri, kitakachofunguliwa kwa mtu aliyeomba siku tatu kabla.

Msemeaji wa Mabata alikuwa mpishi mkuu wa hoteli ile ile. Aliripoti kwamba mabata wote wana afya njema, hasa sehemu ya mapaja, na kwamba wameupokea uhamisho wao kwa utulivu. Wakati huo mlango wa jikoni ukafunguliwa na masinia ya chakula cha mchana yakaanza kupita mbele ya Bi Sikitu. Harufu ilikuwa nzuri. Bi Sikitu aliyatazama yale masinia yakipita, moja baada ya jingine, akajua ni akina nani waliomo.

Mwisho akasimama Bwana Gaudensi. "Mheshimiwa, kwa niaba ya wasiotembea wote, naomba njia ya kukimbilia, kuzunguka bustani nzima."

Hapo Bi Sikitu hakuweza tena. Alijikuta amesimama. "Jamani! Ngazi tatu tu! Mume wangu anataka kupita ngazi tatu tu, basi!"

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mheshimiwa Lumbesa aliweka paja la bata chini, akajifuta midomo, akauliza kwa upole, "Mama, huyo unayemsema ni nani wako?"

"Mume wangu, Mheshimiwa."

"Ahaa." Waziri akaugeukia ukumbi kwa masikitiko ya baba. "Mmeona, ndugu zangu? Ndiyo mambo haya. Mama huyu anataka mume wake apumzike. Wa kwake! Sasa wa mwenzake vipi? Taifa litajengwa kweli kwa roho hizi?"

Watu wakatikisa vichwa kwa aibu. Askari wawili wakamshika Bi Sikitu mikono wakamtoa. Walipofika nje mmoja wao akamwachia taratibu, akasema chini chini, "Pole mama. Na mimi mama yangu hatembei."

"Sasa si ungesema mle ndani!"

"Nisemeje? Nina maslahi."

*

Bustani ilikaa nyuma ya mabati masika yote, ikakaa na vuli. Bi Sikitu aliendelea kumsukuma mumewe kila alasiri mpaka pale, akidhani labda mazoea yatamsaidia. Mzee Kondo aliyatazama mabati. Hakuna bata aliyelia. Vidole vya mkono wa kushoto vilicheza siku za mwanzo, vikapunguza, kisha vikanyamaza. Baadaye akaanza kufunga mdomo akiletewa uji.

"Anakata tamaa, mama," alisema daktari. "Mtu akikata tamaa, dawa zangu zinakuwa maji."

Bi Sikitu aliichukia serikali yake chuki ya kulala nayo na kuamka nayo. Akipiga pasi pazia, aliyekuwa akipigwa pasi ni Mheshimiwa Lumbesa, mbele na nyuma, mpaka kwenye kola. Ila chuki haikumlisha mumewe uji. Aliona mashavu ya Mzee Kondo yakibonyea, yale mashavu yaliyokuwa yakijaa upepo Jumamosi jioni, na aliogopa kwamba siku moja ataamka akute kiti kina mtu na hakina mtu.

Ndipo Bi Mwanakombo alipokuja mbio, sinia la karanga limekaa upande kichwani. "Sikitu! Mteremko upo! Nimechungulia kwenye tundu la bati, nimeuona kwa macho yangu. Marumaru tupu! Kesho wanafungua!"

Bi Sikitu alifungua sanduku, akatoa sare ya bendi ya mumewe, ile nyekundu yenye vifungo vya shaba, akavisugua vifungo mpaka vikawaka. Mzee Kondo alivitazama vifungo. Asubuhi yake alikunywa uji nusu bakuli.

*

Kweli mteremko ulikuwepo. Ulikuwa mpana, mweupe, umetandikwa zulia jekundu, na utepe umekatisha chini yake. Wananchi walipangwa nyuma ya kamba. Jua lilikuwa kali, na Waziri alikuwa amejiandaa kwa hotuba ya chai mpaka chakula cha mchana.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa Lumbesa. "Zamani mtu alikuwa anakuja hapa anakaa tu. Anakaa! Bila mpango, bila kaulimbiu. Anaangalia maji. Nauliza, maji yale yalikuwa yanamwambia nini? Hayakuwa na ujumbe wowote kwa taifa! Leo tumezingatia mahitaji. Mtoto tumemzingatia. Mzee tumemzingatia. Hata huyu asiyetembea, ambaye serikali nyingine zinamwacha nje, sisi tumemzingatia. Na sasa mtamwona akipanda!"

Makofi yakapigwa. Bwana Gaudensi akajitokeza amevaa suti ya michezo, akanyoosha msuli wa paja, akaangaza huku na huku. Mteremko ulikuwepo na Msemeaji alikuwepo. Wizara nzima haikuwa imefikiria kuleta kiti cha magurudumu. Macho yake yakatua kwa Mzee Kondo.

"Mama, tunakiazima kidogo. Cha maonyesho."

"Kwa nini msimpandishe mwenyewe?" Bi Sikitu alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili. "Yupo hapa. Kiti anacho. Mteremko huo hapo. Msukumeni aingie, mpige picha zenu, yaishe."

Bwana Gaudensi alimwonea huruma. "Huyu hawezi kuonyesha, mama. Atafurahi. Akifurahi, watu watasema tumempendelea."

Askari wakamnyanyua Mzee Kondo na sare yake, wakamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ya Bi Mwanakombo. Bi Sikitu akapiga magoti nyuma yake, akamshika mabega asianguke. Mbele yao Bwana Gaudensi alikaa kwenye kile kiti, akapachika mguu juu ya mguu, Waziri akashika mipini, mkasi ukakata utepe, na kiti kikapanda mteremko kwa madaha huku kamera zikimulika. Juu kabisa Bwana Gaudensi aliruka kutoka kitini, akainua mikono, akapiga kelele, "Nimeweza!" Bendi ya manispaa ikapiga. Watu wakashangilia, maana askari walikuwa wanatazama nani hashangilii.

Bi Sikitu alihisi mabega aliyoyashika yanatetemeka. Alidhani mumewe analia. Akainama amtazame, akakuta mashavu yamejaa upepo.

"Ki," alisema Mzee Kondo. Ilikuwa sauti yenye kutu. "Ki... Kiti changu."

Bi Sikitu aliganda. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa ameiomba ile sauti kila alipoinua mikono kuomba, na daktari alisema itarudi kwa raha. Semewani haikuwa na raha ya kuwapa watu. Sauti ilirudi kwa hasira, na aliipokea hivyo hivyo, akaikumbatia kwa nyuma, akilia na kucheka.

"KITI CHANGU!" alinguruma Mzee Kondo, na safari hii lilikuwa pafu lile lile la Jumamosi jioni. Bendi ikakatika katikati ya wimbo. Waziri, kwa mazoea, alidhani kwanza kinadaiwa kiti chake cha uwaziri.

Mtu ametaja shida yake, kwa mdomo wake, hadharani, mbele ya mamlaka. Waziri akatazama askari, askari wakatazamana, na wapiga picha wakafunika kamera. Kumkamata mlemavu siku ya kumzingatia mlemavu kungeharibu picha. Ndipo Mheshimiwa Lumbesa akamwita Msemeaji wa Wasiosema, mtangazaji mstaafu wa redio, mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza tangu alipojifunza kusema.

"Mheshimiwa," alitamka mtangazaji, "ninayewafahamu wasiosema nchi nzima ni mimi. Asiyesema hasemi. Mzee huyu yumo kwenye orodha yangu. Kwa hiyo, kitaalamu, hapa hakuna kilichosemwa."

Waziri akashusha pumzi. "Tumesikia," alisema. "Yaani, hatujasikia. Endeleeni na muziki."

Kiti hakikurudi. Kwa kuwa kilikuwa kiti cha kwanza kupanda mteremko wa kwanza, kiliingizwa kwenye sanduku la kioo, kikawekwa juu pale kama kumbukumbu ya taifa. Na mteremko ukazungushiwa mnyororo, wenye bango la kuwaomba wananchi wasiupitishe magurudumu, yanakwaruza marumaru.

*

Kesho yake waosha magari walirejea na ndoo zao, kwani uchafu wa kweli huwa haufagiliki kwa rungu. Waliposikia habari walikwenda nyumbani kwa Bi Sikitu, wakambeba Mzee Kondo kwenye kiti cha plastiki mpaka nje ya ukuta wa bustani, wakamweka kivulini.

"Haya mzee," walimwambia. "Wako ndani humo. Waambie."

Mzee Kondo akajaza mashavu. "Kiti changu!"

Alikuwa na maneno mawili tu, na aliyasema kila alasiri. Mwanzoni watu walikuja kusikiliza maneno mawili hayo kwa sababu hakuna mtu mjini aliyewahi kusikia mtu akitaja kilicho chake. Kisha walizoea kuja. Seremala mmoja akaleta ubao na mawe mawili, pakawa na benchi. Bi Mwanakombo akaongeza kahawa na kashata. Watoto wakafunga tairi kuukuu kwenye nguzo ya bango la Wizara, wakawa wanabembea na kuanguka na kubembea tena. Bomba la kwenda kwenye choo cha marumaru lilikuwa limepasuka kwa nje, maji yakatuama, likawa dimbwi, na humo akatokea bata mmoja asiye na mkia, aliyeponyoka jikoni siku ya kongamano. Wenzake Mzee Kondo wa bendi wakapita na ngoma zao baada ya kazi. Na watu, wakiwa wamekaa pale bila kaulimbiu, wakaanza kuambiana shida zao kwa midomo yao wenyewe. Yule askari aliyekuwa na mama asiyetembea alimleta mgongoni. Kuambiana huko kulikuwa kosa la jinai, na kulikuwa kutamu kuliko kashata.

Bata alipolia, vidole vya mkono wa kushoto vilicheza. Bi Sikitu aliviona, akageuza uso ajifanye anatafuta kikombe.

Na ndani ya ukuta? Ndani hapakuwa na mtoto, wala mzee, wala mpenzi wa mtu. Walikuwemo Wasemeaji na wake zao na waume zao, wamejilaza kwenye viti vya kamba walivyotoka navyo majumbani, na langoni palikuwa na tangazo kubwa: HAPA WASEMEAJI WENU WANAPUMZIKA KWA NIABA YENU. TAFADHALI FURAHINI KIMYAKIMYA. Walipumzika kwa bidii. Ila ngoma za nje zilikuwa zinawafikia, na vicheko, na harufu ya kahawa, na mmoja wao alionekana siku moja amepanda juu ya sanduku la kioo, anachungulia.

Hatimaye lango likafunguliwa. Akatoka Mheshimiwa Lumbesa mwenyewe, kofia ngumu ya ujenzi kichwani, Wasemeaji wote nyuma yake, na Bwana Gaudensi akiwa na tepu ya kupimia. Ngoma zikanyamaza. Watoto wakashuka kwenye tairi. Bi Mwanakombo akafunika kahawa yake, nzi na serikali visije vikaingia.

Waziri alilitazama benchi la ubao. Alilitazama dimbwi na bata wake. Alishusha pumzi ndefu, na macho yake yakaloa kwa mapenzi ya dhati.

"Mahali pazuri!" alisema. "Pazuri sana. Ila pamekaa ovyo ovyo. Panahitaji kuboreshwa, ndugu zangu, kwa kuzingatia mahitaji ya watu mbalimbali."

Bwana Gaudensi akachuchumaa, akaivuta tepu, akaweka ncha yake karibu na mguu wa kiti cha plastiki. "Mzee, sogea kidogo. Hapa ndipo kipimo kinapoanzia."

Watu wote wakamtazama Bi Sikitu. Alikuwa na maneno, tena aliyapiga pasi miezi mingi, yamenyooka. Alifungua mdomo amjibie mumewe. Halafu akaufunga. Alikuwa karibu awe Msemeaji.

Mzee Kondo aliitazama tepu. Akainua mguu wake wa kushoto, polepole, akaukita juu yake. Kisha akamtazama Waziri, kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye kofia, na mashavu yake yakaanza kujaa upepo.

"Thubutu," alisema.